Mjukuu Wangu Anapika kwa Moto Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeosha mirija ya kioo sitini na mbili. Hakuna aliyesema ahsante. Mjukuu wangu ndiye fundi wa maabara hii ya vyakula vya mifugo, na ndiye aliyenitafutia kazi ya kuosha vyombo. Namshukuru. Lakini anapika vibaya! Anatia unga wa chakula cha kuku kwenye mrija, kidonge kimoja cha kuharakisha, halafu tindikali, kisha moto mdogooo. Ati mpaka povu litulie. Masaa manne mazima, ili wajue mna naitrojeni kiasi gani! Mimi maharage yangu saa moja na nusu. Mwenzangu wa sinki kapewa miwani ya kukinga macho, anaruhusiwa kusimama karibu na kabati la kunyonya moshi, ambamo mirija inachemshwa. Sasa namwita Bi Miwani. Mimi nimepewa ufagio.

Jumanne, 4 Machi

Bi Miwani kasifiwa mbele za watu kwa kuandika joto la mirija. Kuandika tu! Nikamuuliza mjukuu wangu tangu lini kuandika kukaivisha kitu. Akasema, bibi, nakuomba, kabati lile usiliguse, Ijumaa mkuu wa maabara anaamua kama naajiriwa kabisa au narudi nyumbani. Nikamwambia asinifundishe moto, mama yake nimemlea kwa moto huohuo.

Lakini nimeshapata akili. Kesho ana kikao. Nitauongeza moto. Akirudi, vyote vimeiva. Mkuu atauliza nani kafanya haya. Nitatazama chini kwa adabu.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu!

Nilizungusha swichi mpaka mwisho. Mara povu jeusi likapanda shingoni mwa mirija, likafurika. Nikafanya kama ninavyofanya na sufuria: nikachota kikombe cha maji baridi nimwagie. Bi Miwani akanidaka mkono. Akazima moto, akashusha kioo cha kabati. Akaniambia, mama, maji kwenye tindikali ya moto yanakurukia usoni, saa hizi ungekuwa kipofu.  Nikakirudisha kikombe sinki.

Mkuu akaja. Nani kagusa moto? Nikautazama ufagio. Mjukuu wangu akasema ni yeye, alikosea.

Nikanyamaza. Mimi, ninayemsema kila mtu!

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu kanitengenezea chai asubuhi. Kaipooza vizuri, kama ninavyopenda. Afadhali angenitukana. Bi Miwani naye hata kunicheka hanicheki. Mtu mzima nimejificha chooni nusu saa.

Nikaenda kwa mkuu ili nikiri. Nikafika mlangoni. Nikafungua mdomo, nikalalamikia sabuni. Nikasema haitoi povu. Povu! Neno lililonitoka ni hilohilo! Nimerudi sinki uso unawaka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema yote. Machozi yalinitoka kidogo, ni ile dawa ya kusafishia. Mkuu akasema mjukuu wangu atapewa barua yake ya ajira Jumatatu, akizirudia sampuli zote bila balaa. Mimi nisivuke ule mstari wa njano sakafuni, maisha yangu yote. Nikasema sawa baba, ingawa namzidi miaka thelathini. Mjukuu akanikumbatia na koti lake la kazi, akasema yamekwisha, bibi. Nimeapa sitagusa tena kabati lile. Bi Miwani ni shahidi.

Ila kuna lile tanuri la kuchomea sampuli mpaka ziwe majivu. Mjukuu ana kazi hiyo pia. Masaa sita! Mtoto wa watu atamaliza lini, na barua ni Jumatatu? Swichi ya tanuri iko ng'ambo ya mstari, hatua mbili tu. Nimesimama upande wangu, nimepima. Sijavuka hata ukucha.

Mpini wa ufagio unafika.