Yanaoza Kabla ya Kuiva

"Haya, sikilizeni tunavyotukanwa," alisema Kimya, akalibwaga gazeti mezani mpaka kahawa yangu ikamwagikia pai.

Tulikuwa wanne kwenye benchi la nje ya duka la mikate la Loretta, hapa Mareeba, mji wa wakulima huku kaskazini, kama kila Jumamosi. Kwa asiyetujua, katika mji wetu mtu hupewa jina la utani lililo kinyume chake, kichwa chini miguu juu. Kimya ni Noelene, msimamizi wa banda la kupakia matunda, na tangu nimfahamu hajafunga mdomo. Mdogo ni Vito Zaccarin, mkulima wa maparachichi, ambaye benchi hulia akikaa. Mrefu ni Des, mwenye shamba la ndizi kule Tully, na miguu yake haigusi chini. Mimi wananiita Mbio. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja, na baiskeli zote za wilaya hii zimeshanipita.

Kimya akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani. "'Taarifa ya matunda ya wiki. Ndizi: za kutosha, ubora mzuri, dola nne na nusu kwa kilo. Maparachichi ya kaskazini aina ya Shepard: mengi mno, dola moja na nusu kila moja, ubora wa kutiliwa shaka. Mnunuzi awe macho, kwani tunda hili lina tabia ya kuoza kabla ya kuiva.'"

"Rudia hapo mwisho," alisema Mdogo.

"Kuoza kabla ya kuiva."

"Inawezekanaje?" aliuliza Mrefu. "Hiyo si sawa na mtu kuzeeka kabla ya kuzaliwa?"

"Wewe ulizaliwa umeshachoka, usishangae," nikamwambia.

"Nyamaza, Mbio, unatema pai," alisema Mrefu. "Nani kaandika huo upuuzi?"

"Mkaguzi mkuu wa ubora wa ile supamaketi ya kusini," alisema Kimya. "Grantley Pym. Hata jina limenyooka kama suruali ya harusi. Huyu hajawahi kushika parachichi! Huyu parachichi analijua kwa picha! Mimi napakia Shepard mwaka wa ishirini na mbili, halafu mtu wa ofisi yenye kiyoyozi aje..."

"Anakuja," alisema Mdogo.

"Nani?"

"Huyo Pym. Leo, kabla ya chakula cha mchana. Nimemwambia tukutane hapa."

Ndipo tulipogundua kwamba Mdogo hakuwa amecheka tangu afike. Pai yake ilikuwa nzima, na pai mbele ya Mdogo haijawahi kufikisha dakika tatu. Tukamsonga mpaka akasema. Jumanne, malori yake mawili yalikataliwa kwenye ghala la Brisbane. Leo mkaguzi anakuja kutoa neno la mwisho kama wataendelea kununua Shepard kwake au la.

"Na wakikataa?" niliuliza.

"Nimeshaweka oda ya katapila. Jumatatu saa moja asubuhi. Naing'oa miti yote mia nne."

"Miti ya baba yako, mzee Ottavio?" Kimya alisimama. "Ile aliyoipanda kwa mikono yake mwaka uliozaliwa wewe? Vito, una wazimu!"

Alipomwita Vito tulijua mambo yameharibika. Mjini kwetu jina la kanisani linatolewa msibani tu.

"Sasa nifanyeje? Niyale mwenyewe?"

"Kwa umbo hilo ungejaribu," alisema Mrefu, kisha akaona aibu. "Sikiliza, kaka. Wewe angalau wanakataa kwa sababu ya kuoza. Mimi mwaka juzi walikataa ndizi zangu kwa sababu zimepinda. Ndizi! Jamaa alikuja na kibao cha kupimia, anaweka ndizi juu yake, anatikisa kichwa. Nikamuuliza, bwana, ulikuwa unataka rula?"

"Akasemaje?"

"Akaandika kwenye fomu: mkulima ana lugha mbaya."

Gari jeupe la kukodi likasimama mbele yetu. Akateremka bwana wa miaka hamsini hivi, buti mpya kabisa, kibandiko cha bei bado kiko kwenye soli. Kimya alikiona, akanikanyaga mguu kwa furaha.

"Habari za asubuhi. Namtafuta Bwana Zaccarin."

"Mimi," alisema Mdogo, akamsogezea nafasi. Pym akaketi, akaagiza kwa Loretta mkate wa kuchoma na parachichi la kupondwa, kisha akafungua faili.

"Bwana Zaccarin, nitasema wazi. Matunda yako yametuangusha. Nimeyasimamia mwenyewe. Tunayaweka kwenye chumba cha kuivishia, tunasubiri yageuke meusi, kama parachichi lolote lenye heshima. Wiki ya kwanza ni kijani. Wiki ya pili, kijani. Wiki ya tatu yanaanza kuwa meusi, nasema afadhali, tunayapeleka dukani. Mteja anakata, ndani anakuta usaha."

Nilimtazama Mrefu. Mrefu akatazama mawingu. Hapa Mareeba hata mbwa wa Loretta anajua kwamba parachichi la aina ya Hass ndilo linalogeuka jeusi likiiva. Shepard ni kijani likiwa gumu, kijani likiiva, na kijani mpaka linaingia tumboni. Ukiona limekuwa jeusi, lizike. Mtu huyu analipwa mshahara, amepewa gari na faili, na kwa wiki tatu nzima alikuwa anakesha na maiti akingoja aamke.

Kimya akavuta pumzi. Ile pumzi tunaijua. Lakini mkono wa Mdogo ukatua begani kwake, na mkono wa Mdogo ukitua begani unakaa chini utake usitake.

Loretta akaleta sahani. Dola ishirini na mbili kwa nusu parachichi na vipande viwili vya mkate. Loretta naye si malaika. Pym akauma. Akafumba macho. Akauma tena.

"Aa! Sasa hili ndilo parachichi!" alisema huku mdomo umejaa. "Siagi tupu. Mama, umelitoa wapi?"

"Hilo la Mdogo," alisema Loretta.

"Mbona nyama yake nyingi? Halielekei kuwa dogo."

"La Mdogo. Huyo hapo."

Pym akamtazama Mdogo kutoka buti mpaka kofia, ikamchukua muda. "Wanakuita Mdogo? Aa, nimeelewa. Bila shaka wewe ndiye mtoto wa mwisho kwenu."

Mrefu alikuwa anauma kofia yake.

Mdogo akachukua parachichi kapuni kwa Loretta, kijani kama jani, akalibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, kisha akampa. "Bonyeza hapo. Polepole."

Pym akabonyeza. "Laini."

"Laini."

"Lakini ni kijani."

"Ni kijani."

"Basi halijaiva!"

"Umemaliza nusu ya mwenzake sasa hivi," alisema Mdogo.

Pym akatazama parachichi, akatazama sahani. Shingo ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kupanda juu. Nikasema moyoni, leo nitamwona msomi akiomba msamaha, nitawasimulia wajukuu. Wapi! Mtu wa aina ile kuomba msamaha ni sawa na kumwambia avue suruali sokoni. Alifunga faili, akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo... kuna kitu mmebadilisha tangu Jumanne?"

Kimya alikuwa amefungua mdomo, na humo ndani niliona maneno ya miaka ishirini na mbili yamejipanga foleni. Mdogo alikuwa anamtazama Pym bila kupepesa. Najua alichotamani kumwambia, maana hata mimi nilikuwa nacho ulimini. Lakini alikuwa anaifikiria ile miti mia nne.

"Ndiyo," alisema Mdogo. "Tumebadilisha."

"Nini?"

"Tumefuata ushauri wako."

Mabega ya Pym yakanyanyuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua! Nilijua lilikuwa suala la usimamizi. Basi malori yaje kama kawaida. Na nitawaambia vijana wangu wabonyeze pale karibu na kikonyo, wasingoje rangi. Nimeliona hilo mwenyewe hapa leo."

"Umeliona mwenyewe," alisema Mdogo. "Ndiyo maana sisi hapa tumekupa jina. Tunakuita Mtaalamu."

Pym akaweka mkono kifuani. Macho yalimlowa, naapa. "Mtaalamu," alirudia. "Hakuna mkulima aliyewahi kuniita hivyo."

"Linakufaa," alisema Mrefu.

"Limekukaa sana," nikasema.

Akaondoka akitupungia mkono mpaka kwenye kona. Kimya alipoondolewa ule mkono begani, alilipuka. "Umemlamba miguu! Amekutupia malori mawili, na wewe unamlamba miguu!"

"Nimempa jina, Kimya," alisema Mdogo, akaichukua pai yake. Ikaisha kwa kuuma mara tatu.

Katapila lilikuja Jumatatu, maana malipo yake hayarudishwi. Mdogo akalichimbisha mashimo arobaini ya kupandia miche mipya ya Shepard.

Jumamosi iliyofuata Kimya alifika anakimbia, gazeti juu kama bendera. "Kaeni! Kaeni wote! 'Maparachichi ya kaskazini: bei imepanda hadi dola mbili. Ubora umeimarika ghafla kufuatia ziara ya mkaguzi mkuu, Bwana Grantley Pym, ambaye...'" Akashindwa. Akajifuta machozi, akaanza upya. "'...ambaye wakulima wenyewe, kwa kutambua mchango wake, humwita Mtaalamu.'"

Loretta alitoka ndani mbio akidhani kuna mtu kaanguka. Nilikuwa mimi. Mdogo alipiga meza, kahawa zote nne zikapinduka, na safari hii hakuna aliyelalamika.

"Limechapishwa!" alilia Mrefu. "Kwa maandishi! Nchi nzima imesoma!"

"Ngojeni, haijaisha," alisema Kimya. "Kuna mstari mmoja chini. 'Kutokana na mafanikio hayo, wiki ijayo Mtaalamu atazuru Tully, kushughulikia tatizo sugu la kupinda kwa ndizi.'"

Kicheko cha Mrefu kikakatika. Akateremka kwenye benchi, maana yeye hasimami, huteremka. Akavaa kofia.

"Mdogo," alisema, "mtu huyo akifika shambani kwangu na kibao kama kile, nimwambie nini?"

"Mwambie umefuata ushauri wake," alisema Mdogo, "halafu mpe ndizi ileile."