Nusu Nyumba, Nusu Hema

Alkhamis, 6 Novemba 2025. Ibra, Omani.

Nimelipata. Liko uani. Limeziba mlango wa jikoni, lakini nyumba hii ina milango mingine.

Ni trela la haibridi. Katikati ni nyumba kamili: kuta ngumu, jiko la gesi, sinki, meza. Mbele na nyuma unavuta vitanda viwili vinavyotokeza nje kama droo, na juu yake turubai. Nusu nyumba, nusu hema. Uzuri wa vyote viwili, ndivyo alivyosema Laith wa Sur, mwenyewe wa kwanza. Nimebadilishana naye kwa mizinga yangu yote ya nyuki. Alikubali upesi mno. Mkewe alisimama barazani akinipungia mkono mpaka nikapinda kona. Watu wema sana.

Kaltham, mke wangu, yuko Nizwa kwa mamake tangu mwezi uliopita. Kasusa. Sababu ni hao nyuki, niliowaweka juu ya paa la chumba chetu. Binamu yangu Aflah anasema sasa nyuki hawapo, basi mambo yamekwisha: nimchukue Ami Muzamil, twende Nizwa, tunywe kahawa, Ami aseme maneno mawili, mimi niseme moja, mke apande gari arudi kwake. Ndivyo wanavyofanya watu, akasema.

Ndivyo wanavyofanya watu! Kumfuata mke na mzee wa heshima hata mjinga anaweza. Mimi nitamfuata na nyumba. Tangu tuoane Kaltham anataka kwenda Ras al Hadd kuona kasa wakitaga. Nitafika mlangoni, nitavuta kitanda, naye hatakuwa na la kusema.

Ijumaa, 7 Novemba. Ibra.

Baada ya sala nimejaribu kulifungua. Kitanda cha nyuma kilitoka vizuri. Cha mbele kilitoka vizuri zaidi, kikavunja tawi kubwa la mlimau. Mlimau wa Kaltham, kaupanda kwa mkono wake. Malimau yote yameangukia kitandani.

Jirani, Bi Mabruka, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunahamia humo au ni banda la mbuzi. Nikamjibu kwamba ni chombo cha anasa. Akamwomba Mungu atujaalie mwisho mwema.

Nimeamua kuandika faida na hasara zake, kisomi. Faida: jepesi kulivuta. Vitanda vipana. Upepo unapita. Hasara: bado sijaziona. Labda hazipo.

Jumamosi na Jumapili, 8 na 9 Novemba. Dima wa Tayyin.

Safari ya majaribio, milimani. Peke yangu. Mandhari mazuri sana, ingawa sikuyatazama, maana nilikuwa nikitazama kioo cha nyuma kuona kama trela bado lipo.

Nimegundua kwamba mbuzi wanapenda turubai. Hawalipendi kwa macho. Walikuja saba, wakaanza na kamba, wakaendelea na zipu. Mama mwenye mbuzi alikuja taratibu, akaangalia trela, akaniangalia mimi, akauliza kama mke wangu ndiye aliyenitoa nje. Nikasema la, mimi nimetoka mwenyewe. Akasema wote husema hivyo. Akaniachia maziwa.

Jumapili asubuhi umande ulikuwa umelowesha turubai lote. Nikalikunja hivyo hivyo, nikafunga, nikarudi. Laith alikuwa ameniambia jambo fulani kuhusu kukunja turubai likiwa bichi. Silikumbuki. Lazima lilikuwa jambo dogo.

Jumatatu, 10 Novemba. Ibra.

Halikuwa dogo.

Nimelifungua leo, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Linanuka samaki, tena wa juzi. Madoa meusi juu ya turubai. Na Kaltham ana pua ambayo hainyamazi. Aliwahi kunusa moshi wa sigara yangu kwa simu.

Bahati nzuri mimi si mtu wa kushindwa na harufu. Kwetu nguo hufukizwa, nyumba hufukizwa, bwana harusi hufukizwa, kwa nini trela lisifukizwe? Nikawasha makaa, nikatia udi mzuri wa Kaltham na ubani wa kutosha, nikaweka chetezo juu ya godoro, katikati ya kitanda cha nyuma, nikateremsha turubai pande zote ili moshi usitoroke. Nikaenda kunywa chai.

Tundu ni kubwa kama sinia ya biriani. Godoro nalo limeungua katikati. Ila harufu sasa ni ya harusini.

Nimetafuta kitambaa imara cha kuziba. Turubai jingine hakuna Ibra nzima. Sandukuni kwa Kaltham nimekuta doti mpya ya kanga, zawadi ya mamake, haijavaliwa bado. Upande mmoja umetosha kabisa. Nimeushona kwa sindano ya magunia mpaka vidole vimevimba. Maandishi yamekaa nje, yamenyooka sawasawa. Sikuyasoma. Nani husoma kanga?

Faida: linatengenezeka kwa vitu vya nyumbani.

Jumanne, 11 Novemba. Ibra.

Shemeji Yaqoob amepiga simu. Yaqoob ni kaka yake Kaltham, anaishi na mama yao, na ana karavani gumu pande zote, lenye kiyoyozi, analoliweka Ras al Hadd na ambalo halitaji ila kila siku. Anasema Alkhamis anampeleka Kaltham kuona kasa. Akaongeza kwa upole, na hapo ndipo huwa simpendi, kwamba kama nataka kumfuata mke wangu nije mapema na Ami Muzamil, kwani mama anasubiri tu kubishiwa hodi.

Wakaione Ras al Hadd kwa karavani la Yaqoob? Kasa wangu? Akienda naye, mimi sina tena cha kumwahidi. Miaka yote nimemwahidi hicho kimoja.

Naondoka kesho.

Jumatano, 12 Novemba. Nizwa.

Ami Muzamil alikuja alfajiri bila kuitwa. Kavaa joho, kashika bakora, kajipaka na mafuta ya udi. Aflah ndiye aliyemwambia. Nilimwamkia shikamoo, nikamshukuru, nikamweleza kwamba kiti cha mbele kimechukuliwa na tangi la gesi. Alivua joho, akalikunja polepole. Akasema haya, lakini tangi halijui kuzungumza na wakwe.

Baada ya Sinaw upepo ulianza kupiga ubavuni. Magari yakanipigia honi. Nikayapungia mkono, nilidhani wanalipenda. Kumbe kitanda cha nyuma kilikuwa kimetoka, kiko njiani kama ulimi. Godoro nililikuta mbali sana nyuma. Ngamia alikuwa amesimama juu yake, ametulia, na ilichukua muda kumshawishi ashuke. Turubai lilikataa kukunjika tena, likabaki likining'inia ubavuni.

Nizwa nimeingia baada ya alasiri. Kwa Bi Khole, mama mkwe wangu, kuna kichochoro kati ya kuta mbili za udongo. Gari lilipita. Trela halikupita. Nikaongeza mafuta. Likapita nusu, likakaza. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Na nusu iliyobaki nje imeziba lango la Yaqoob, kwa hiyo gari la Yaqoob haliwezi kutoka.

Hili la mwisho naliandika upande wa faida.

Mtaa ule wengi ni watu wa Unguja na Pemba. Wanawake walikuwa wakienda kunywa kahawa kwa jirani. Wakasimama. Wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kisha wote. Mwanamvita, dada wa Mombasa anayemsaidia Bi Khole kazi za nyumba, alisogea akasoma ubavu wa trela kwa sauti, herufi kubwa, kanga ya mke wangu: NIMECHOKA KUBEBA MZIGO USIO WANGU.

Nimepita na maneno hayo kutoka Sinaw mpaka Nizwa. Waarabu walioniona njiani, Alhamdulillahi, hawasomi Kiswahili.

Alkhamis, 13 Novemba. Nizwa.

Nimelala ndani ya trela kichochoroni, upande wa godoro usioungua. Asubuhi Kaltham alitoka.

Alisimama mbele ya kanga. Aliitazama muda. Aliuliza kama ni ile aliyopewa na mamake. Nikasema ni upande mmoja tu, wa pili mzima. Akauliza mlimau kwa nini umo kitandani. Yalikuwa majani mawili tu. Nikasema ni habari ndefu.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema aliposikia nyuki hawapo, siku ya Jumatatu, alifunga begi lake akaliweka nyuma ya mlango. Kila gari likipita anasikiliza kama ni sauti ya Ami inayopiga hodi. Mamake amekuwa akipika halua kila siku, kwa ajili ya wageni ambao hawaji. Kisha akatazama gari, akatazama trela, akasema nilifungue hili niliache hapa hapa, yeye achukue begi, twende nyumbani. Sasa hivi. Yeye na mimi.

Nikasema ndiyo. Wallahi nilisema ndiyo. Nikaongeza tu kwamba kabla hatujaenda aingie mara moja, aone.

Akaingia. Nikamwonyesha meza inavyogeuka kuwa kitanda cha tatu. Nikamwonyesha dirisha lenye chandarua. Nikaingiza kichwa chini ya sinki nimweleze pampu ya maji, namna unavyoikanyaga kwa mguu, na namna maji yatakavyotoka siku nitakapoyatia. Niliieleza vizuri, hatua kwa hatua. Nilipotoa kichwa, aliyekuwa amesimama pale ni Mwanamvita, na kikombe cha kahawa. Alisema Bi Kaltham ameingia ndani zamani, na pampu amefahamu.

Nilibisha hodi. Yaqoob ndiye aliyefungua. Akasema dada yake kapumzika.

Ijumaa, 14 Novemba. Nizwa.

Baada ya sala wanaume wa mtaa walitusaidia. Walilifungua kwenye gari, wakalisukuma nyuma kwa mabega, msikiti mzima, huku wakimtaja Mwenyezi Mungu na kunitazama mimi. Likatoka na kipande cha ukuta. Lango likawa wazi, na Yaqoob akatoa gari lake mara moja, begi la Kaltham nyuma, Kaltham mbele. Wanakwenda Ras al Hadd. Nilisimama karibu na dirisha. Alinitazama, akaniambia nile kitu, nimekonda. Wakaenda.

Bi Khole alinipa halua ya njiani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ile ile ya siku ya harusi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Akauliza kama kanga inaweza kufumuliwa bila kuchanika. Nikasema sidhani. Akasema basi.

Nimelia kidogo ndani ya trela. Nimegundua kwamba turubai halizuii sauti, kwani kichochoroni mtu alisema maskini, na mwingine akasema nyamaza atakusikia.

Hasara. Leo naandika: hasara. Kuta laini, kila mtu anakusikia. Vitanda vipana, na nusu yake haina mtu.

Jumapili, 16 Novemba. Ibra.

Nyumba kimya. Nimekula halua kwa kijiko, nimesimama.

Ami Muzamil amepiga simu. Kazungumza na Bi Khole. Kaltham anarudi Nizwa keshokutwa, na mlango haujafungwa. Kaltham amesema mwenyewe: nije na Ami, nisije na kitu kingine. Ami akanirudishia maneno hayo mara mbili, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto Alhamdu. Akauliza kama nimesikia. Nimesikia.

Nikakaa nikafikiri kwa makini, kama ambavyo sijawahi kufikiri maishani. Kosa lilikuwa wapi? Nimezunguka trela na utepe wa kupimia. Nimelipata. Kosa ni upana.

Mtu asiyejitazama angelala juu ya kosa lake. Mimi nimempigia Laith wa Sur. Hakushangaa kunisikia. Ana rafiki yake mwenye kijumba cha kupachika juu ya pikapu, kuta ngumu pande zote, hakuna turubai, hakuna umande, hakuna mbuzi, na hakizidi upana wa gari. Kwenye kichochoro cha Bi Khole kitapita kama ufunguo kwenye kufuli. Rafiki yuko tayari kubadilishana. Pikapu ni ya Aflah, bado sijamwambia.

Basi nimemrudia Ami, nikamwomba amwambie Kaltham asubiri kidogo, wiki mbili au tatu, nakuja na kitu bora zaidi. Simu ikakatika hapo hapo. Mtandao huku Ibra mbovu.

Laith amenitumia picha. Ni kizuri sana. Kasoro yake ni moja tu, tena ndogo: kitanda ni cha mtu mmoja.