Habari za Sajenti Tahiru na Fimbo Tatu Zilizomzidi Urefu

Sogeeni, enyi wauza mihogo na enyi washona nguo, nanyi mliokaa juu ya magunia mkingoja lori lisilojaa. Tueni mizigo yenu, mpeni kiti aliyesimama, na anayetafuna karanga atafune taratibu, kwa maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa hapa Arua mwaka 1975, katika mwezi wa mvua za kwanza, vita ambavyo redio haikuvitangaza wala hapana aliyevipatia nishani. Ni habari za Sajenti Tahiru, simba wa Burma, mwenye sauti ya kusimamisha kwata, mume wa Kaltumu na babu yangu mzaa baba, na jinsi alivyotoka kwenda kuchagua fimbo ya kutembelea.

Kila alfajiri, baada ya swala, shujaa huyo alikuwa na msafara wake. Alitoka mlangoni, akavuka ua, akafungua lango la mabati kwa mkono wake mwenyewe, akaitazama barabara ya Koboko juu na chini, akasema, "Iko salama," kisha akarudi kunywa chai. Kwa miaka ishirini barabara ile ilikaguliwa hivyo na haikupata kuasi. Ila Jumatatu moja, katikati ya ua, mguu wake wa kushoto, ule uliovuka mito ya ugenini bunduki ikiwa juu ya kichwa, ulikataa amri. Haukujikwaa popote, wala haukuumia. Ulikataa tu, kama askari aliyekaa kambini muda mrefu mno. Sajenti akaenda chini kifudifudi katikati ya kuku wa bibi yangu, nao kuku wakarudi nyuma kwa mpangilio ambao mwenyewe angeusifu kama angekuwa amesimama.

Kaltumu, mlinzi wa jiko, mwanamke wa maneno machache, aliyaona yote akiwa mlangoni na ungo mkononi. Hakukimbia kumwinua, maana alijua mbio zake zingemwangusha mara ya pili. Aligeuka, akaendelea kupepeta mpaka aliposikia hatua.

"Nilikuwa natafuta kitu huko chini," alisema Sajenti, akijikung'uta vumbi.

"Umekipata, Baba Fadhul?"

"Bado."

Siku ile ile, jua likiwa utosini, ikafika habari kutoka Koboko. Ilitoka kwa Hawah, binti wa marehemu mdogo wake Sajenti, aliyelelewa katika nyumba yetu tangu meno ya kwanza mpaka alipomfuata mama yake Koboko. Hawah anaolewa Jumapili, na mwenye kumwoza ni baba yake mkubwa, Sajenti Tahiru. Nayo desturi ya ukoo wetu ni hii: mwozaji hashushwi mlangoni kwa gari wala hasukumwi juu ya baiskeli. Hushuka sokoni, kisha hutembea kwa miguu yake mpaka nyumba ya bibi arusi, na wanawake husimama safu mbili kando ya njia wakimwimbia, naye hupita katikati peke yake, macho yote yakiwa juu yake. "Baba," Hawah alikuwa ameagiza, "mimi nakungoja wewe tu. Jibu lako lisipofika na lori la Ijumaa, wazee wa huku wamesema watamweka mtu mwingine asimame mahali pako."

Sajenti alisikiliza mpaka mwisho. "Jibu litakwenda," akasema. Lakini hakusema jibu gani, na usiku kucha nilisikia kitanda chake kikilalamika.

Jumanne asubuhi alitoa tangazo juu ya chai.

"Nasikia Koboko siku hizi iko na mbwa wengi. Mimi nataka fimbo."

"Mbwa wa Koboko ni wabaya sana," alisema Kaltumu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuumwa na mbwa yeyote wa mji wowote.

Basi tukatoka watu watatu: yeye mbele, bibi nyuma yake, na mimi nikishika mkia, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na mwalimu wa darasa la tatu kama mimi hana wa kumfundisha. Tukafika kwa Étienne, fundi wa mbao kando ya soko, aliyevuka mpaka kutoka Kongo na msumeno mmoja na Biblia moja, na sasa alikuwa na misumeno minne. Barazani pake aliketi Nasur, muuza tumbaku, rafiki wa Sajenti tangu utoto na adui yake kwa kila neno.

Hapo majeshi ya miti yaliitwa yapite yakaguliwe. Wa kwanza kuitwa ulikuwa mkalitusi, mrefu, mweupe, wenye kujiamini. Sajenti aliukunja juu ya goti. "Huyu anafuata upepo," akasema, "huyu ni raia," akautupa pembeni. Ukaja mvule, mzito kama hakimu. Akaupima kwa mkono. "Huyu mzuri kwa mlango. Mimi sitaki kutembea na mlango." Mwishowe fundi akatoa kwenye giza la kibanda tawi la mkahawa lililokaushwa mwaka mzima, jembamba, jekundu kidogo, lenye vifundo kama vya vidole. Sajenti alilipiga juu ya jiwe mara tatu na kila mara akatega sikio. Alilinusa. Alilisimamisha wima, akaliegemea kwa uzito wote, nalo halikutoa hata mlio.

"Hili halisemi sana," alisema. "Nalichukua."

"Vizuri, Muzee," alisema Étienne, akavuta uzi mfukoni. "Simama kidogo, nikupime."

Enyi wasikilizaji, neno hilo moja ndilo lililoleta maafa yote. Mwili uliofundishwa kwata kwa miaka kumi na minane, ukiambiwa usimame, haujui kusimama namna nyingine. Visigino viligongana. Kifua kikatoka nje. Kidevu kikapanda, mabega yakarudi nyuma, na ule mgongo ambao nyumbani ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe la zamani ukanyooka mpaka nikahofia vifungo vya kanzu. Étienne akapima toka kifundo cha mkono mpaka chini, akafunga fundo kwenye uzi wake, akatuambia turudi kesho.

Jumatano fimbo ilikuwa tayari, imepigwa msasa, ina kishikio kilichopinda, na chini imevalishwa kipande cha mpira wa tairi isiteleze. Sajenti akaishika, akateremka barazani kwa fahari. Hatua ya kwanza, bega la kulia likapanda mpaka sikioni. Ya pili, fimbo ikafika mbele yake ikamngoja. Ya tatu, ikamsukuma nyuma.

"Sajenti," aliuliza Nasur bila kutoa kiko mdomoni, "hiyo ya mbwa au ya kuangua mapapai?"

"Uzi wa fundi iko mrefu," alisema Sajenti.

"Nikate kidogo chini?" aliuliza Étienne. "Ni kazi ya dakika moja."

Babu yangu akamgeukia kwa sauti ya kambi. "Kukata? Fimbo imepimwa juu ya mwili wangu, halafu ikatwe? Kwani mimi nimepungua? Tengeneza nyingine. Na uzi huo tupa."

Ikatengenezwa ya pili, ya mkwaju, iliyopimwa kwa futi ya chuma isiyojua kunyumbuka. Alhamisi asubuhi ikamwinua bega vile vile. Sajenti akaishutumu futi kwamba imetengenezwa na wazungu kwa ajili ya wazungu. Ikaagizwa ya tatu, ya mpera, na safari hii Sajenti mwenyewe akasimama kwenye mwimo wa mlango, wima kama bendera, nami nikatoa chaki ya shule na kuweka alama kwenye kifundo chake. Nilikuwa nimekwisha kuona lilipo kosa. Nililiona tangu siku ya kwanza. Kaltumu aliliona. Nasur aliliona, ndiyo maana alivuta tumbaku nyingi mno. Lakini nani atamwambia simba wa Burma kwamba anayesimama siye anayetembea? Nikapangusa chaki vidoleni.

Ikafika Ijumaa. Lori la Adrabo, lile la Koboko, lilikuwa limekwisha kupakia chumvi na lingeondoka kabla ya swala. Na mbele ya kibanda, mbele ya macho yetu, fimbo ya mpera ikamfanyia Sajenti yale yale aliyofanyiwa na zile mbili za kwanza, ila safari hii mguu wa kushoto nao ukakumbuka uasi wake, na kama si nguzo ya baraza, tungemwokota.

Akabaki ameikumbatia nguzo. Hakuna aliyecheka, hata Nasur.

"Siendi Koboko," alisema. "Fundi wa mji huu hajui kazi. Waambie hivyo. Siendi kwa sababu ya fundi."

Étienne alikuwa mtu mpole, lakini upole nao una mpaka wake, na heshima ya fundi iko mbele ya mpaka huo. Aliingia ndani, akatoka na fimbo zote tatu, ya mkahawa, ya mkwaju na ya mpera. Akazilaza chini sambamba, vichwa pamoja. Miguu nayo ikawa pamoja. Hazikupishana hata kwa unene wa ukucha.

"Muzee," alisema, "uangalie. Uzi umesema hivi. Futi imesema hivi. Chaki ya mwalimu imesema hivi. Watatu hawawezi kudanganya uwongo moja. Mimi nimefikiri usiku, nikasema hapana, hapa mutu iko wawili. Iko mumoja anakuja kupimwa, ule mutu ya jeshi, mimi namuheshimu sana. Na iko mwengine anaendaka kutembea. Ule wa kutembea sijamupima hata siku moja. Nakuomba, Muzee, umulete."

Mbali kule Adrabo alikuwa akiwasha lori, likikohoa.

"Nasur," alisema Kaltumu, "tazama barabara."

"Barabara iko na nini?"

"Itazame tu."

Nasur akageuka akaitazama barabara. Nami nikageuza uso, lakini si wote. Mwenye kuandika tarikhi hana budi kuacha jicho moja.

Basi hapo ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, na havikuchukua muda mrefu kuliko chai kupoa kwenye kisahani. Sajenti aliiachia nguzo. Kisigino kikaachana na kisigino. Kidevu kikashuka. Bega la kulia, lililoshikiliwa juu siku tatu kwa nguvu za makamanda waliokwisha kufa, likarudi mahali pake pa kila siku. Kisha mgongo ukalegea, kifundo kimoja baada ya kingine, na mbele yetu akasimama mzee mmoja mwenye kanzu iliyomzidi, ambaye sisi tulimjua na kumpenda sana, ila fundi peke yake ndiye hakuwa amekutana naye.

Étienne akavua kofia.

"Karibu, Muzee," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

"Pima," alisema babu yangu.

Uzi ukashuka toka kifundo cha mkono mpaka ardhini. Tofauti ikawa vidole vinne. Ufalme wote ule wa siku tatu, miti mitatu, chaki na fitina, ulikuwa unagombaniwa juu ya vidole vinne. Étienne aliishika fimbo ya mkahawa, akaweka alama, kisha akangoja, msumeno hewani.

"Kata."

Kipande kikaanguka kwenye maranda. Kaltumu akakiokota akakitia kwenye mkunjo wa kanga, kikawashe jiko, kwa kuwa kuni za Arua si za kuchezea. Mpira wa tairi ukarudishwa mahali pake. Na Sajenti Tahiru, mwana wa askari na mjukuu wa askari, akateremka barazani, akavuka mfereji, akapita wauza samaki wakavu na fundi baiskeli, akafika kwenye lori la Adrabo bila bega kupanda na bila mguu kuasi. Na waandike wenye kuandika kwamba siku ile, kabla ya adhana ya Ijumaa, mtu mmoja alitembea hatua mia moja na kumi mjini Arua. Nilizihesabu mimi, na sijui ushindi mwingine wa mwaka ule uliogharimu zaidi.

Nasur, aliyekuwa bado anaitazama barabara, akalazimika kumwona. "Sajenti," akasema, "leo unatembea kama mtu." Kwa kinywa chake, hiyo ilikuwa mizinga ishirini na moja.

Adrabo alikuwa amekaa kwenye usukani. "Mzee, jibu la Koboko liko wapi? Mimi naondoka."

Babu aliniashiria. Nikaweka daftari juu ya boneti ya lori, nikashika kalamu. Akakohoa, akajaribu kunyoosha kifua.

"Andika. Mimi, Sajenti Tahiru, mstaafu, napenda kukuarifu kwamba kutokana na hali ya barabara na kazi nyingi..."

Kaltumu alikuwa kando yake, anaitazama fimbo. Injini ilinguruma. Babu akaiegemea fimbo kwa uzito wake wote, nayo ikamshika.

"Futa hayo," aliniambia. "Andika hivi. Hawah, mwanangu, nakuja. Lakini siku hizi natembea polepole. Waambie wanawake wachague wimbo mrefu."