Kopo la Kuhifadhi Saa

Ansgar Trautwein hakupenda kuitwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, alisema, ilhali yeye alifunguliwa mlango, akavuliwa koti, akaandaliwa keki, na aliyetapeliwa akamsindikiza mpaka getini akimpungia mkono. Hiyo, kwa maoni yake, ilikuwa huduma.

Miaka ile simu zilikuwa bado zimefungwa ukutani kwa waya, na kitu kipya nyumbani kilikuwa saa ya mezani inayojirekebisha kwa redio. Nje kidogo ya Frankfurt umesimama mnara unaotangaza wakati mchana na usiku, na kila saa ya aina hiyo ina kisikio kidogo tumboni. Usiku watu wakilala, yenyewe huamka, ikausikiliza mnara, ikajisahihisha. Huizungushi ufunguo wala huisogezi mshale.

Siku moja ya mwezi wa tatu, Ansgar alikuwa amejibanza dukani Frankfurt akikimbia mvua, mara akamsikia bibi mmoja akimfokea muuzaji.

"Saa yenu jambazi! Mwaka jana nimelala, nikaamka imeninyang'anya saa nzima. Hata hodi haikupiga!"

"Ni majira ya joto, mama," muuzaji akasema. "Nchi nzima inasogeza saa mbele. Mwezi wa kumi utarudishiwa yako."

"Na riba je?"

Muuzaji akacheka. Ansgar hakucheka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye rundo la makopo ya bati ya biskuti za Krismasi, yaliyokuwa yakingoja kutupwa. Akayaangalia makopo, akamwangalia bibi, kisha akayaangalia tena makopo. Hivyo ndivyo watu wengine wanavyopata wito wa upadri.

Akayachukua yote bure, akayapaka rangi ya kijivu, akapanda basi kwenda Ginsterbach.

Ginsterbach ni kimji cha milimani ambacho watu wake wana mkono wa birika. Huko harusini bwana arusi huvaa viatu vya baba yake, na mbwa akibweka mara mbili huonekana mbadhirifu. Mwenyekiti wa kwaya, Bwana Ottokar Bleibtreu, ndiye pia aliyepiga kengele ya kanisa kwa mkono wake, kwa kuwa saa ya mnarani ilikufa zamani na kuitengeneza kungegharimu. Kwa kufuata saa yake ya redio, Bleibtreu alipiga kengele na mji ukaamka.

Ansgar akapanga chumba katika nyumba ya wageni ya Mama Walburga Sperl, mjane wa maneno machache na mikono mipana. Jioni ile ile wanakwaya walipokuja kunywa bia, bilauri moja kwa watu wawili, akasimama akagonga kopo kwa kijiko.

"Ndugu zangu, usiku wa kuamkia Jumapili ijayo, mtaibiwa."

Vichwa vikageuka.

"Mnara utatoa amri, na saa zenu zitatii. Saa nzima ya maisha yenu itakwenda zake. Mwezi wa kumi mtarudishiwa, ndiyo. Lakini je, kama hukutoa na bado ukarudishiwa?"

Bleibtreu akaiweka bilauri chini polepole. "Utakuwa na saa ya ziada," akanong'ona.

"Ya bure, mzee wangu. Umetamka mwenyewe, mimi sijasema kitu."

Akatoa redio ndogo, akaifungulia. Tarumbeta zikalia. Akaitia koponi, akafunika. Tarumbeta zikakatika, ikabaki *shwaaa* kama mvua kwenye mabati. Akafunua, tarumbeta zikarudi.

"Bati halipitishi sauti ya mnara. Saa yako ikilala humu, haitasikia amri ya kuibiwa."

"Sasa nitaisomaje ikiwa ndani ya kopo?" akauliza mtu wa nyuma.

"Kwani akiba yako ya benki unaipiga picha kila asubuhi? Kengele yake utaisikia. Unaamka, unashukuru, unaiacha ilale mpaka mwezi wa kumi."

Hapo ubishi ukaisha. Ansgar alikuwa mstaarabu, hakutaka fedha. Fedha, alisema, zingechafua jambo tukufu. Alichotaka ni amana tu: zile saa kuukuu za kuzungushwa ufunguo, za dhahabu na fedha, walizoachiwa na babu zao. Saa hizo hazina kisikio, akaeleza kwa huzuni, kwa hiyo haziwezi kuweka akiba, na zikikaa nyumba moja na kopo zitalionea wivu. Angezitunza mwenyewe, azirudishe mwezi wa kumi.

Kesho yake walipanga foleni. Dhahabu ikaingia, kopo la biskuti likatoka. Bleibtreu alileta saa ya mfukoni ya babu yake yenye mnyororo, akadai makopo mawili. Wakabishana, akapewa kopo moja na mfuniko wa ziada, akaondoka akijiona kamwingiza mjini mtu wa Frankfurt.

Mama Walburga peke yake hakununua.

"Nawe mama, kopo lako nikuwekee?" Ansgar akamuuliza akimega tonge la viazi.

"Saa moja niifanyie nini? Niwapikie hawa saa moja zaidi?" Akamwongezea mchuzi. "Lile sanduku lako zito la saa, usiliweke chumbani. Ngazi zangu mbovu. Liache hapa kwenye kabati la vyungu, ufunguo ukae nao wewe."

Ansgar akaguswa. Ni nadra kukutana na mtu mwaminifu katika kazi yake.

Mpango wake wote ulikuwa ndani ya saa hiyo moja. Jumapili linapita basi moja tu, asubuhi. Linamleta mchungaji, linageuza, linaondoka. Mji mzima ungekuwa bado unakoroma kwa wakati wa zamani, na yeye, mwenye saa iliyousikiliza mnara, angekuwa ameshaamka, amekunywa kahawa, amepanda basi na sanduku lake. Wengine huiba ng'ombe. Yeye aliiba saa ya mji, akaitumia kubebea saa za mji. Usiku wa Jumamosi alilala akitabasamu.

Kengele ilipolia, ililia kwa mbali, kama mtu aliyezikwa hai. Ansgar akapapasa mezani. Mkono ukagusa bati.

Akawasha taa. Pale ilipokuwa saa yake palikuwa na kopo la kijivu, na saa ilikuwa ndani ikilia kwa wakati wa zamani.

Alishuka ngazi mbovu kwa kuruka. Jiko lilikuwa baridi. Kabati la vyungu lilikuwa na vyungu tu, na mlango wake ulikuwa umeng'olewa kwenye bawaba na kuegemezwa ukutani kwa heshima. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, kama alivyoahidiwa.

Akatimua mbio mpaka kituoni mbele ya kanisa, shati nje. Hapakuwa na basi. Kwenye baraza la kanisa lililofungwa alikaa mchungaji Hilarius Kempf, amejikunyata ndani ya koti, pua imekuwa nyekundu.

"Hatimaye mtu!" mchungaji akafoka. "Mji huu umekufa?"

"Basi, baba mchungaji! Basi liko wapi?"

"Limeshaondoka zamani. Nimeteremka mimi, akapanda Mama Walburga. Nimemsaidia mwenyewe kupakia sanduku. Lilikuwa zito, mwanangu, na lilikuwa likilia tiki-tiki-tiki kama mzinga wa nyuki. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni ujana wake."

"Hakusema anakwenda wapi?"

"Baharini. Alisema hajawahi kuiona."

Ansgar akaketi kwenye ngazi za kanisa. Akataka kupiga kelele *mwizi*, akaghairi. Ukimwita polisi kwa ajili ya mali ya watu, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Wakakaa hivyo mpaka Bleibtreu alipotokea na ufunguo wa kanisa, amevaa tai, anapiga mluzi.

"Mchungaji! Leo umewahi!"

"Nimewahi? Ibada ilikuwa ianze zamani! Mmechelewa saa nzima!"

Bleibtreu akasimama. "Saa nzima? Kamili?"

"Kamili!"

Mwenyekiti wa kwaya akaivua kofia, akaitupa juu. Hakuna aliyewahi kumwona akitupa kitu. "Imefanya kazi!" akapiga yowe. "Haikuchukuliwa! Tunayo!" Akaning'inia kwenye kamba ya kengele, watu wakamiminika, na kadiri mchungaji alivyowakemea kwa kuchelewa ndivyo walivyokumbatiana. Wakambeba Ansgar mabegani. Alipolia, wakasema ni unyenyekevu.

"Saa ya babu yangu iko salama?" Bleibtreu akamuuliza sikioni.

"Iko... safari... salama."

"Basi hutoki hapa mpaka mwezi wa kumi. Tutakulinda kwa zamu, usije ukapata ajali njiani. Na kwa kuwa Mama Walburga ametukimbia, jiko utalishika wewe. Hatuwezi kukulisha bure."

Mchana ule Ansgar Trautwein, aliyewahi kuwauzia watu daraja na ukungu, alikuwa ameinama juu ya ndoo ya viazi, amevaa aproni ya maua, na mlangoni wamekaa wanakwaya wawili wenye mabega kama makabati. Matonge yake ya kwanza yaliyeyuka sufuriani. Ya pili yangeweza kujengea ukuta. Wakayala yote, kwa sababu yalikuwa yameshapikwa.

Baada ya chakula Bleibtreu akaingia jikoni kwa kunyata, akafunga mlango.

"Bwana Trautwein, swali la siri. Saa imewezekana. Je, siku? Siku nzima inaweza kuhifadhiwa?"

Ansgar alikuwa amejiapiza tangu asubuhi kuacha utapeli. Alikuwa na malengelenge vidoleni, hana sanduku, hana basi, na walinzi wawili mlangoni. Akajua kabisa jibu la mtu mwenye akili ni lipi. Akafungua kinywa ili alitoe, akausikia ulimi wake mwenyewe ukisema, kwa upole wa daktari:

"Inategemea, mzee wangu. Una pipa la ukubwa gani?"