Mkwe wa Kale Hakula Ukweni

Jumapili, 7 Juni

Gahanga, nyumbani kwa kina Yvonne. Baba yake, Mzee Mutsinzi, amekulia Karagwe na ana ugonjwa mmoja: kuuliza watu wa kale waliishije. Walipigaje mswaki? Waliamkaje bila saa? Conrad, muuza simu anayemtaka Yvonne kama mimi, akasema hajui. Mimi nikajibu yote, nikimsingizia marehemu bibi. Mzee akauliza mkwe wa zamani alikula wapi akienda ukweni. Nikabahatisha: hakuweka hata punje mdomoni mbele ya wakwe. Akapiga makofi, akasema ndivyo alivyosimuliwa na baba yake.

Zikaja sahani. Yangu ikarudishwa jikoni, kwa heshima. Mbuzi wa kuchoma, jamani! Conrad akala na fungu langu.

Jumatano, 10 Juni

Niko sokoni Kimironko, vitenge haviuziki. Yvonne kapiga simu. Jumapili baba atasema nani alete wazee kuposa. Kaniomba nikiri kwamba nilitunga. Nimpe Conrad ushindi hivihivi? Nina mpango: sambusa mfukoni.

Jumapili, 14 Juni

Gahanga tena. Mchana kutwa ikivuguto tu, maziwa ya mgando, maana kunywa kunaruhusiwa. Conrad anatafuna, ananitazama. Nikaaga naenda kuona ng'ombe. Nyuma ya zizi, sambusa ya pili ikiwa mdomoni, akatokea mama yake Yvonne na ndoo. Mashavu yangu yamejaa. Akafunika uso kwa kitenge, akarudi mbio.

Nikaitwa sebuleni. Mzee akauliza, kwa upole, mkwe wa namna hii zamani alifanywaje. Nikajiweka sawa kitini, nikasema alikatazwa kukanyaga ukweni mwaka mzima. Mzee akasema basi na iwe hivyo. Yvonne akatoka nje. Roho iliniuma sana.

Jumatatu, 15 Juni

Ujumbe wa Yvonne. Baba alikuwa ameshanichagua mimi. Sambusa zilimchekesha. Swali lile lilikuwa la utani. Alitaka niseme mkwe alisamehewa, watu wacheke, yaishe. Ameongeza kwamba sasa Conrad anatafuta wazee.

Haraka nikamwandikia mzee: nilisahau kusema, mwaka wa kale ulikuwa na miezi miwili tu. Akajibu kwamba hilo jema, ila anauliza kama mkwe huyo alitozwa faini pia. Nikaona hapa hapa ndipo pa kumaliza kazi. Nikaandika: ng'ombe wanane. Asije akadhani sijui.