Koti Lililoridhika Mno

Kwa furaha isiyo na kipimo, Idara ya Maoni ya Wamiliki iliwatangazia wafanyabiashara wadogo wote wa Makindye kwamba zama za kubahatisha zimekwisha. Kuanzia siku hiyo kila mmoja wao alikuwa mmiliki. Mmiliki wa nini? Wa Kipangaji cha Mkononi, kifaa cha umeme chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachopanga siku ya mtu, kumkumbusha miadi yake, na kuiarifu Idara mahali alipo. Kifaa kilitolewa bure, na kukikataa lilikuwa kosa. Baada ya kukitumia, mmiliki angetoa maoni yake kwa uhuru kamili, akichagua jibu moja kati ya matatu: Nimeridhika, Nimeridhika Sana, au Nimeridhika Mno. Atakayenyamaza, lilisema tangazo, atahesabiwa kuwa ameridhika mno, maana mtu aliyejaa furaha hukosa la kusema.

Hapo pana kasoro gani? Hakuna. Mambo yalipangwa yakapangika.

Perpétue, fundi cherehani kutoka Bukavu, alipokea chake kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao kupokea kitu cha wakubwa. Alikuwa akishonea kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Baraza lenyewe lilikuwa jembamba, ukinyoosha miguu umeshafika barabarani. Lakini ndilo lililomlisha yeye na mama yake tangu walipovuka mpaka na mabegi yao na mkasi. Wateja walimjua pale. Angeondolewa pale, nani angemtafuta? Kampala ina mafundi kama ilivyo na mashimo barabarani.

Sasa, kila mtu anajua kwamba fundi cherehani huishi kwa neno moja: kesho. Mteja anakuja, "Fundi, gauni langu?" "Kesho, mama." Kesho anarudi, anaambiwa kesho. Hapo hakuna anayedanganywa. Fundi anajua, mteja anajua, na gauni litapatikana asubuhi ya harusi likiwa bado na joto la pasi. Ndivyo kazi inavyokwenda, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuolewa uchi.

Kipangaji hakikulelewa hivyo. Perpétue akiandika "kesho", kesho yake kinapiga kelele: "Je, kazi imekamilika?" Akibonyeza "bado", kinanyamaza kidogo, kisha kinauliza tena, kwa sauti ya kike yenye majivuno, mbele ya wateja wote.

"Mungu yangu," alisema Perpétue. "Hii kitu iko na wivu kuliko bwana."

Majirani nao walikuwa na maoni yao. Odera, Mkenya auzaye viatu vya mtumba upande wa pili wa nguzo, alisema kifaa ni kizuri sana, kina uzito wa kutosha kukandamiza turubai upepo ukivuma. Muuza nyanya alisema taa yake inamsaidia kutafuta chenji. Mzee wa kufuli alisema tangu akiweke kwenye droo, panya wameihama ile droo. Kamis, karani wa ukaguzi wa Idara, alipita akiwasikiliza wote kwa makini, halafu akawaandikia kila mmoja kwamba ameridhika mno.

"Na mimi sijaridhika," Perpétue akamwambia.

Kamis akatazama skrini yake, akaiburuza juu, akaiburuza chini. "Hiyo haipo, nyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Iko hapa," akasema Perpétue, akijigusa kifua.

"Ya kifuani hatuna nafasi yake."

Kamis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa waraka, na mtu wa waraka ukimkata hatoki damu, hutoka wino.

Haukupita muda, ukaja waraka wa pili. Huu aliutunga Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Ojera, kwa kichwa chake, na alijivunia kama baba wa mapacha. Waraka ulisema hivi: *Mtu yupo pale kipangaji chake kilipo.* Ushahidi wake utapokelewa pale, sahihi yake itahesabiwa pale. Nafasi ya biashara isiyo na kipangaji ni nafasi wazi, na nafasi zote zilizo wazi zitagawiwa watu wengine Ijumaa, kwenye Sherehe ya Maoni, Mkurugenzi akizitangaza kwa kinywa chake. Nani walikuwa hao watu wengine? Ah, wewe nawe! Watu wengine ni watu wengine. Wengi wao walikuwa na jina la ukoo mmoja na Mkurugenzi, lakini ukoo si dhambi.

Jumatano umeme ulikatika pale barazani. Alhamisi asubuhi Perpétue akaacha kipangaji chake nyumbani Kasubi, kwa mama yake, kipate chaji, akaja kazini. Alikuwa katikati ya kupinda sketi ya shule Kamis alipofika, akasimama mbele yake, akatazama skrini, akatazama ukuta juu ya kichwa chake.

"Baraza hili halina mtu," akasema.

"Kamis, acha mchezo. Habari ya asubuhi."

"Mmiliki yuko Kasubi."

"Mimi ni huyu hapa! Si unaniona kwa macho yako?"

"Macho si chombo cha Idara, nyabo."

"Basi mimi niko nani? Nani anaongea na wewe sasa?"

Kamis alifikiri kwa dhati. Alijikuna kidevu. "Hilo ni swali la kamati," akasema, na akachora alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mwanamke ambaye hakuwepo.

Perpétue alilia, na tusimfiche. Alilia kwa hasira, machozi yakadondokea sketi ya mtoto wa watu. Alishafukuzwa na watu wenye bunduki, akaja mpaka hapa, na sasa anafukuzwa na kipande cha sabuni.

Odera akavuka nguzo. "Dada, futa machozi. Kesho asubuhi nenda kwa mkubwa mwenyewe kabla ya hiyo sherehe yao. Mimi nitakalia hii cherehani. Akija wa kuibeba, atanibeba na mimi, na mimi nimekula ugali tangu utoto."

Ijumaa asubuhi Perpétue akafika Idarani na ombi lake mkononi. Benchi la kusubiria lilikuwa limejaa watu wenye nyuso za X nyekundu. Katibu, mwanamke mmoja mchovu jina lake Santina, alikuwa akijibu kila mtu bila kuinua macho.

"Mkurugenzi yupo. Ametoka kidogo. Koti lake lile pale."

Na kweli, mlango ulikuwa wazi, na kwenye kiti kikubwa cha ngozi lilitandazwa koti la kijivu, mabega yamekaa sawasawa. Wageni wa Kampala wanaweza kushangaa, lakini mwenyeji anaelewa. Bosi hukosekana. Koti la bosi halikosekani.

Perpétue alilitazama lile koti, akalijua. Si alilishona yeye? Bwana Ojera alikuwa amemletea kitambaa cha makoti mawili yanayofanana. Moja alitaka litiwe bitana ya hariri na mifuko ya ndani. "Hili la pili," alisema siku ile, "usilihangaikie. Piga tu mishono ya juu. Haliendi mahali." Kumbe lilikuwa koti la kiti.

Kisha akasikia sauti. Ilitoka kwenye mfuko wa koti, sauti ile ile ya kike yenye majivuno: "Mkurugenzi yupo. Mkurugenzi anafanya kazi."

Bwana Ojera, mtu mwenye akili nyingi, alikuwa ameacha kipangaji chake mfukoni mwa koti na kwenda zake Port Bell, kando ya ziwa, kula samaki na watu muhimu. Kwa mujibu wa waraka wake alikuwa kazini tangu Jumatatu.

"Mama Santina," Perpétue akaita polepole. "Mkurugenzi yuko?"

"Nimekwambia yupo."

"Kwa waraka, yuko pale pale, kwa kiti?"

Santina akainua macho kwa mara ya kwanza. Akatazama koti. Akatazama benchi. Miaka mingi alikuwa akisema ametoka kidogo, na kinywa chake kilikuwa kimechoka na neno hilo. "Kwa waraka," akasema, "yupo pale pale."

"Basi naomba nimsomee ombi langu."

Waliingia wote wawili. Perpétue akapiga goti kidogo, kwa heshima, akasoma: yeye fundi aliomba, kwa mambo ya baraza lake, ahesabiwe yupo pale cherehani yake ilipo. Akamaliza. Koti halikusema kitu.

"Kanyamaza," akanong'ona Perpétue.

"Anayenyamaza ameridhika mno," akasema Santina, akafungua droo, akatoa muhuri, akaupiga kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikaruka. Kisha akatoka mlangoni, akajishika kiuno. "Anayefuata!"

Haijawahi kuonekana Idara kuchapa kazi namna ile. Koti halikumfokea mtu. Halikusema faili limepotea wala halikuomba chochote cha kulainisha koo. Kufikia adhuhuri benchi lilikuwa tupu, na mzee mmoja akaondoka akisema huyu mkurugenzi mpya ni mtu wa watu.

Alasiri ikaja Sherehe ya Maoni, kwenye uwanja nyuma ya soko. Mahema, bendi, soda, na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Perpétue alisimama nyuma pamoja na Odera, roho mkononi. Yeye alikuwa na muhuri, lakini wenzake wengi hawakupata habari mapema, na X zao zilikuwa bado mbichi.

Mgeni wa heshima alichelewa, kama inavyompasa mgeni wa heshima. Akiwahi, watu watadhani hana kazi. Jua lilikuwa limeshalegea gari la Bwana Ojera lilipofika langoni, naye akashuka ndani ya koti lake la bitana ya hariri, akinukia samaki na marashi.

Kamis alikuwa langoni na skrini yake.

"Sebo, samahani. Unaitwa nani?"

"Kamis, una wazimu? Mimi ni Ojera!"

Kamis akaburuza juu, akaburuza chini. "Mkurugenzi yuko ofisini, sebo. Anafanya kazi."

"Mimi ndiye mkurugenzi! Si unaniona?"

"Macho si chombo cha Idara."

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Wewe, sebo," akasema Kamis kwa unyenyekevu mkubwa. "Waraka wa pili. Nimeukariri wote."

"Basi mimi ni nani?" akapiga kelele Bwana Ojera, na bendi ikaacha kupiga.

"Hilo ni swali la kamati."

Kwenye meza kuu wakubwa waliinamiana. Ratiba ilikuwa inaungua. Mkurugenzi yuko ofisini, basi aitwe! Gari likatumwa. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwinua mkubwa kutoka kitini kwake, walikuja wamebeba kiti kizima, koti likiwa juu yake, Santina akitembea mbele kufungua njia. Watu wote walisimama. Kiti kikawekwa katikati ya meza kuu, na chupa ya maji mbele yake.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Sasa tunamkaribisha Mheshimiwa Mkurugenzi atutangazie nafasi zilizo wazi, ili zigawiwe."

Perpétue alimshika Odera mkono akamfinya. Koti lilikaa. Upepo ukavuma, mkono wake mmoja ukatikisika kidogo, ukatulia.

"Mheshimiwa hana nafasi hata moja ya kutangaza," akasema mshereheshaji, jasho likimtoka. "Zote zina wenyewe!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilifika barabara kuu. Muuza nyanya alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Wale watu wengine, wa ukoo mmoja, walikunja suti zao wakaondoka bila kunywa soda. Ilionekana kwamba hiyo ndiyo hotuba bora zaidi kuwahi kutolewa na kiongozi wa Idara, na ndiyo fupi zaidi. Koti likavishwa nishani ya Mmiliki Bora, papo hapo, kwenye ukosi. Lilipoulizwa maoni yake juu ya kifaa lilinyamaza, na likaandikwa kama sheria isemavyo. Langoni kulikuwa na mtu anapiga kelele, lakini askari walimsogeza kwa upole.

Jumatatu Perpétue alikuwa barazani kwake, anafuta rangi nyekundu ukutani kwa mafuta ya taa, mtu aliposimama mbele yake. Koti lake la bitana lilikuwa limekunjamana.

"Fundi," akasema Bwana Ojera, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Wamenifungia nje. Wanapeleka mafaili yote kwa lile koti. Mshahara wanaliingizia lile. Mke wangu amepewa barua ya pongezi. Idara imesema itanisikiliza nikileta ushahidi wa mtu mmoja tu, aliyelishona. Twende ukawaambie lile ni koti."

Perpétue alimtazama. Alimhurumia, haki ya Mungu, kidogo. Kisha akaiona ile X, nusu yake bado ikiwa ukutani, akakaa kwenye cherehani yake.

"Ningekwenda, mzee. Lakini waraka unasema ushahidi unapokewa pale kifaa kiko. Ruhusa yangu ni ya baraza tu. Na kifaa changu kiko Kasubi, mama anakichaji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi siko hapa."

"Lakini si wewe huyu? Nakuona kwa macho yangu!"

Perpétue akalowesha uzi mdomoni, akautia kwenye tundu la sindano, akakanyaga pedali.

"Hilo ni swali la kamati, mzee," akasema. "Rudi kesho."