Jino Alilolisikia Mama Yake

Jumatatu, 4 Februari 1884. Bagamoyo.
Nimechoka. Mama mkwe wangu, Mama Gertruda, amemfunua binti yangu Marselina mdomo mbele ya wageni kama anayenunua mbuzi. Nyuma ya jino la utoto, safu ya chini, limeota jipya. Mtoto ana miaka saba na safu mbili. Mama akasema la zamani ling'olewe wiki hii, maana jipya likikosa njia hupinda, na likikomaa limepinda halinyooki. Bruda wa misheni hung'oa meno kila Alhamisi. Nikasema ndiyo, Mama.

Sitampeleka. Hilo ndilo jino lake la kwanza. Marehemu mke wangu, Evarista, alilisikia kabla ya kuliona: liligonga ukingo wa kikombe cha bati, tik. Akaniita kutoka shambani: "Njoo usikie." Nilikuja na jembe mkononi. Kikombe ninacho bado. Jino pia ninalo, ila limo mdomoni mwa mtu.

Jumanne, 5 Februari.
Mpango: jino lisitikisike. Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Muwa marufuku. Mhogo wa kuchoma marufuku. Marselina akauliza kama anaumwa. Nikamwambia ni Kwaresima. Akasema Kwaresima bado. Misheni wanafundisha mno.

Jumatano, 6 Februari.
Mpango bora zaidi! Jipya lisimame ubavuni mwa la zamani, kama watu wawili kwenye kigoda kimoja. Nikalisukuma kwa kidole gumba. Akaniuma. Kidole kimevimba, panga halishikiki.

Mwanvita, jirani yetu muuza kashata, akanikuta nimekitia kwenye maji ya chumvi. Akasema mwanangu ana meno ya akiba, amwazime Mzee Mwishehe ambaye hana hata moja. Watoto wote wa uani wakacheka. Marselina naye akacheka, ila alifunika mdomo kwa kiganja. Mama yake hakuwahi kufunika mdomo.

Sikula vizuri. Ulikuwa uji.

Alhamisi, 7 Februari.
Nikaenda mapema kwa Mama Gertruda, nikampa shikamoo, nikamwarifu kwa masikitiko kwamba Bruda amekwenda Kaole. Akaitikia marahaba, akanionyesha kwa kidevu. Bruda alikuwa amekaa barazani kwake, anakunywa dafu.

Marselina akaitwa. Bruda akatazama bila haraka. Akasema meno ya utoto si ya kupuuzwa: yapigwe mswaki kila siku, maana ndiyo yanayoyashikia nafasi yale ya ukubwani. Yasing'olewe kabla ya wakati, yasizuiwe wakati ukifika. Wa hili umefika. Nikaomba hadi wiki ijayo, nikitaja kidole changu. Akanipa dawa ya kidole.

Alipoondoka, Mama akafunua mdomo wake mwenyewe. Jino moja la mbele limelala ubavu kama mlevi. Baba yake naye alikuwa na huruma, hakuling'oa la utoto, alisema. Kisha akaacha kutania.

"Evarista nilimzaa mimi, Dominiko. Mimi pia nilimzika. Usimpinde mtoto kwa ajili yake."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumamosi, 9 Februari.
Nimekubali. Ling'olewe, lakini Bruda anipe jino nilitie ndani ya kikombe. Mpango safi. Ndio wangu wa kwanza usiomwumiza mtu.

Nimechelewa! Marselina, kwa kuchoshwa na uji, amekwenda kwa Mwanvita kula kashata. Jino limebaki kwenye kashata. Akafanya kama wenzake: akalirusha juu ya paa, akamwomba panya ampe jipya.

Nikapanda kulitafuta. Makuti yalikuwa ya zamani. Nimeshukia ndani ya chungu cha uji. Mwanvita amesema sasa nimeiva. Jino sikulipata.

Jumapili, 24 Februari.
Jino jipya linasogea mbele lenyewe. Ulimi unalisukuma taratibu, kama Bruda alivyosema. Mtoto anacheka mdomo wazi.

Jioni nilikuwa juu ya paa naziba lile tundu, macho yakitafuta bado. Nikasikia tik.

"Baba, njoo usikie."

Nikashuka na kuti mkononi. Alikuwa na kikombe cha mama yake, analigonga jino jipya ukingoni. Sauti ni ileile. Nilimwomba arudie. Akarudia hadi akachoka.

Kisha akanionyesha jino la utoto lililo pembeni yake. Linatikisika, na nyuma yake pamechungulia kijeupe. Hilo nalo mama yake alilisikia.

Mama Gertruda nitamwambia Bruda amekwenda Mkange. Mkange ni mbali kuliko Kaole. Uji uko motoni.